Stelingi Hakusema Vile

Jumapili, Ukonga. Mawingu yamefunga tangu asubuhi lakini mvua yenyewe inaringa, na joto limebaki palepale. Nimekaa barazani, laptopu mapajani, sijavua hata gauni la kanisani. Chai nimeipasha mara mbili na mara zote mbili imepoa bila kunywewa.

Nina mshtuko. Nimetafuta neno la heshima zaidi, nimekosa.

Mnaopitaga humu mnajua ukurasa huu ni wa muvi. Za ngumi, za bunduki, za watu wanaopaa na nguo za kubana. Nimeziponda, nimezisifu, nimegombana na watu wazima kwenye maoni kwa ajili ya watu wasiokuwepo duniani. Leo nilitakiwa niandike vilevile: nilichokiona jana, maksi ngapi kwa kumi, basi. Nimeshindwa. Kwa hiyo leo ni shajara, na aliyekuja kutafuta maksi atanisamehe.

Hata hivyo ngoja nianze na muvi, maana ndiko nilikozoea kujificha.

Msimamo wangu unajulikana. Mashujaa wa siku hizi wamedekezwa. Anaangukiwa na jengo zima, anajipangusa vumbi begani, anatoa utani. Mwenzangu kazini, mwalimu wa hisabati, aliteleza bafuni na ndala akafungwa plasta wiki sita. Huyu kaanguka kutoka mawinguni, kapasua lami, hata nywele hazijavurugika. Halafu miji yao! Kila shujaa anaokoa mji uleule mmoja wenye maghorofa yaleyale, na akimaliza kuuokoa, mji wenyewe haupo. Nani anazoa vile vifusi? Mie nataka muvi ya saa mbili inayomwonesha mama mwenye banda lake la chipsi lililoangukiwa na gari la adui, anavyozunguka ofisi ya serikali ya mtaa kutafuta barua, anaambiwa mtendaji katoka, rudi Alhamisi. Hiyo nitaingia mara tatu.

Na mabomu. Mtengeneza bomu gani anakuwekea saa ya namba nyekundu ili ujue umebakiza sekunde ngapi? Huyo si adui, huyo ni msimamizi wa mtihani.

Na hotuba. Adui kamshika shujaa, kamfunga, bunduki anayo, risasi anazo. Badala ya kumaliza kazi anaanza kumweleza maisha yake tangu utotoni. Nikikaa ukumbini huwa najikuta nasema, piga basi twende nyumbani. Mwanaidi, rafiki yangu ninayekwendaga naye sinema, ananifinya.

Lakini kuna kitu kimoja sijawahi kukiponda. Sie tuliokulia vibanda umiza, vile vya video vya mtaani, tuna katiba yetu, na ibara ya kwanza inasema stelingi hafi. Stelingi ndiye mwenye muvi, mtu mwema, wengine wote ni maadui au ni wa kufa njiani. Stelingi hafi, na stelingi hasemi uongo. Nimeishi na ibara hiyo mpaka jana, saa tisa na kitu mchana.

Sasa nikiri.

Mie ni mtoto wa Mwananyamala, wazazi wakiwa wametoka Usukumani. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na kibanda cha kuoneshea video: mabenchi, televisheni moja, deki, gunia jeusi dirishani, na joto la kutoa mtu roho. Pembeni ya televisheni alikaa Anko Sauti na maikrofoni yake. Muvi zilitoka ng'ambo na hakuna kati yetu aliyejua lugha yake, kwa hiyo Anko Sauti alitafsiri palepale, watu wakiwa wanaangalia. Alikuwa stelingi, alikuwa adui, alikuwa mbwa. Wanawake aliwabania sauti puani. Maadui wake wote walipozidiwa walikimbilia Chalinze, na helikopta zote zilitoka Mbagala. Tulikuwa tunacheka mpaka tunaanguka kwenye benchi.

Muvi moja aliionesha mara nyingi kuliko zote. Kwenye ubao iliandikwa kwa chaki: MBABE WA DARAJA. Jina lake la Kizungu hatukulijua wala hatukulihitaji. Kuna mwanajeshi asiyeingia risasi. Kuna mtoto wa kike anasakwa na jeshi zima. Mbabe anamlinda yule mtoto mwanzo mpaka mwisho, hasemi kwa nini, mpaka mwishoni wanafika darajani, moshi kila mahali. Anapiga goti mbele ya mtoto. Televisheni ikapunguzwa sauti, na Anko Sauti akasogeza maikrofoni mdomoni:

"Mwanangu, mie ndiye baba yako. Niliondoka ili wanaonisaka wasijue kama nina mtoto. Siku nikirudi, usiniulize nilikuwa wapi. Nitengee maji ya kuoga."

Halafu Mbabe anasimama, anatembea kuelekea kwenye moshi.

Nilikuwa na miaka minane. Mwaka uleule baba yangu alikuwa ameondoka kwenda migodini Kahama, akasema atarudi Krismasi. Krismasi ikaja bila yeye, ikaja nyingine. Mama hakumtaja. Kaka yangu Elia, aliyekuwa mkubwa kwangu kwa miaka sita, alimtaja kwa hasira tu. Mie sikuwa na hasira, kwa sababu mie nilijua. Nilikuwa nimeambiwa darajani. Baba yangu kuna watu wanamsaka, na ametuacha ili tusijulikane. Niliamini hivyo nikiwa mtoto, na nikiwa mkubwa sikuamini tena hadithi yenyewe lakini maneno yalishakaa. Usimuulize alikuwa wapi. Mtengee maji ya kuoga.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, msinicheke. Mie ni mwalimu wa Kiingereza. Darasa la tano. Miaka kumi na moja nafundisha watoto kuhakiki walichosikia kabla ya kukiandika, na haijawahi kunijia kwamba kuna cha kuhakiki kwenye Mbabe wa Daraja. Ningehakiki nini? Niliijua kwa Kiswahili kama ninavyoijua Baba Yetu.

Mama alifariki mwaka juzi. Mwezi uliopita simu ikapigwa kwa namba ngeni, sauti ya mzee, ikasema ni baba. Mguu unamsumbua, hospitali ya huko wamemwambia aje Dar, na hana mtu mwingine huku zaidi yetu. Nilimkaribisha kabla hajamaliza sentensi. Jumanne hii anapanda basi, anashukia Mbezi Luis, mie nikampokee. Nilishanunua ndoo mpya na taulo.

Elia alipoambiwa alikuja hapa hapa barazani, hakukaa. Akaniuliza kama nimewahi kumuuliza yule mzee sababu. Nikamjibu mzazi akirudi haulizwi alikuwa wapi, anatengewa maji ya kuoga. Akasema, "Minza, hayo ni maneno ya muvi." Nikamwambia maneno ni maneno. Hajapokea simu yangu tangu siku hiyo, wiki ya pili sasa.

Nimeeleza yote hayo ili ieleweke nilikaa kwenye kiti cha sinema jana nikiwa nimebeba nini.

Mwanaidi ndiye aliyeniletea taarifa. Tumekua wote Mwananyamala, yeye ni wa pwani asilia, kwao hawajawahi kuhama popote, na hapitwi na jambo. Alinitumia picha ya tangazo: kuna ukumbi mjini unaonesha muvi za zamani zilizosafishwa picha na sauti. Mwanaume kasimama darajani, kageuka, moshi mbele yake. Jina la Kizungu sikulijua. Ule mgongo niliujua.

Tulikwenda tumejipamba kama tunakwenda harusini. Bisi, soda, viti vya kulalia. Dakika kumi za mwanzo nilidhani wameweka muvi nyingine. Yule mwanamke niliyemjua miaka yote kuwa ni mama mkwe wa Mbabe, mwenye roho mbaya, kumbe ni waziri wa ulinzi. Yule mzee wa ndevu, mganga aliyemkinga na risasi kwa dawa za asili, kumbe ni daktari wa jeshi aliyemchoma sindano ya majaribio. Harusi niliyoikumbuka ilikuwa ni mkutano. Nilikuwa namnong'oneza Mwanaidi kila baada ya dakika, maana Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu, na Mwanaidi alicheka mpaka bisi zikamwagika. Anko Sauti katuweza, akasema.

Kuna tukio la mwanzo ambalo kibandani halikuwa na maana yoyote. Watu wenye vinyago wanavamia nyumba, mwanaume mmoja anauawa jikoni. Anko Sauti alikuwaga anasema tu, majambazi hao, na sie tukitumia nafasi hiyo kwenda kununua karanga. Jana sikwenda kununua karanga. Mmoja wa wenye vinyago alikivua ndani ya gari. Ni Mbabe.

Darajani tulifika. Akapiga goti. Midomo ikaanza kucheza, na mie na Mwanaidi tukayaanzisha ya kwetu kwa sauti ya chini, wote wawili, kama tulivyozoea utotoni: mwanangu, mie ndiye baba yako. Na papo hapo Kiingereza kikaniingia masikioni, cha wazi, kifupi, ningeweza kukiandika ubaoni darasa la tano wakakielewa. Baba yako nilimuua mimi. Usinisamehe.

Mwanaidi aliendelea peke yake mpaka maji ya kuoga.

Aliponiona akaniuliza nini. Nikamtafsiria. Soda ilikuwa imeniloanisha magoti, na yeye akashika mdomo, akasema hapana, utakuwa umesikia vibaya, wewe mwalimu lakini utakuwa umesikia vibaya. Sikusikia vibaya. Mtoto hakujibu kitu. Aligeuka akaangalia maji ya mto, Mbabe akaingia kwenye moshi, majina yakaanza kupanda. Watu wakasimama, wakapanga foleni ya chooni. Mie nilibaki kwenye kiti.

Miaka ishirini na saba. Nimemsamehe mtu kwa miaka ishirini na saba kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Na yule aliyekuwepo pale alikuwa anasema kinyume chake kabisa, anaomba asisamehewe, na sie tunamwekea maneno mdomoni tunalia.

Leo baada ya ibada nilikwenda Tandika. Mwanaidi aliulizia kwa watu wake, akaniambia Anko Sauti yupo hai, ana genge la mboga karibu na soko. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kumwona mtu aliyenifanyia hivyo.

Niliisikia sauti kabla sijamwona. Ile sauti iliyokuwa ya watu ishirini na mbwa wao ilikuwa inaita wateja wa bamia. Ni mzee sasa, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, meno machache. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nyanya hizi au zile? Nikamwambia mie ni wa Mwananyamala, wa benchi la mbele, na alicheka kwa furaha ya kweli, akanitolea kigoda chake mwenyewe, akakaa kwenye kreti. Hapo hasira yangu ikaanza kukosa pa kushika.

Nilimuuliza Kiingereza alijifunzia wapi. Akasema hakujifunza. Alikuwa anajua njoo, nenda, ua, na matusi mawili. Yaliyobaki aliyasoma kwenye nyuso za watu. Mtu akikunja uso unajua anatishia, mwanamke akilia unajua kaachwa. Alinieleza bila aibu yoyote, kama fundi anavyokueleza alivyoziba pancha.

Nikamuuliza kuhusu darajani. Alilikumbuka hilo daraja kuliko nilivyotegemea. Akasema:

"Mara ya kwanza nilisema yule mtoto ni mdogo wake. Haikushika, watu wakaanza kuzungumza. Siku ya pili nikasema ni baba yake. Kibanda kizima kikanyamaza. Nikaiacha hivyohivyo."

Nilisubiri aendelee. Hakuwa na cha kuendelea nacho. Ndiyo hiyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia labda alinionea huruma, labda alijua habari za baba yangu, labda na yeye alikuwa na mtoto aliyemwacha mahali. Wapi. Watu walikuwa wanaongea wakati wa muvi, akatafuta neno la kuwanyamazisha.

Kisha akaniuliza yeye, sasa wenyewe walikuwa wanasema nini? Alikuwa hajui. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: mtu kaonesha muvi moja mwaka mzima, kaliza mtaa mzima, na hajui ilikuwa inahusu nini. Nilipomwambia, akaweka chini fungu la mchicha alilokuwa anafunga. Mteja akaondoka bila kuhudumiwa.

"Na yule mtoto," akasema, "alimsamehe?"

Nikamjibu kwamba haikuoneshwa. Mtoto anageuka, anaangalia maji, imekwisha. Anko Sauti akatikisa kichwa, amechukia kabisa, akasema sasa hiyo ni muvi gani, mtu katoa kiingilio chake halafu hajui mtoto kasemaje. Ya kwake ilikuwa nzuri zaidi, akasema. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka na machozi yakawa yananitoka palepale gengeni, na yeye akanifungia mchicha na bamia akakataa kabisa malipo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza neno moja la Elia. Nimewahi kumuuliza baba sababu? Sijawahi. Simu ya kwanza nilimkatisha. Simu ya pili tuliongelea mguu. Ya tatu tiketi. Mwanaume yule hajawahi kunidanganya hata mara moja, kwa sababu sijawahi kumpa nafasi ya kusema lolote. Nilikuwa nasema mwenyewe pande zote mbili.

Nikampigia nikiwa nimesimama getini, funguo mkononi.

Alipokea haraka. Mama, akasema. Ananiita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi, Minza, na kwetu mtoto mwenye jina la bibi anaheshimiwa kama bibi mwenyewe. Ndiyo kitu pekee cha kwake nilichokuwa nacho muda wote huu, hilo jina. Akaanza kuniambia ameshafunga begi.

"Baba," nikamwambia, "uliondoka kwa nini?"

Akasema maisha yalikuwa magumu. Nikamwambia hapana, hayo ni ya kila mtu, nataka ya kwako. Kwa upande wake nilisikia kuku, na mtu anatwanga. Nikaangalia kama simu imekatika.

Halafu akasema, taratibu, kwa ile lafudhi ya kwetu ambayo Elia na mie tumeipoteza. Hakuna aliyemfukuza. Mama hakumkosea. Alipata mwanamke huko. Kila mwezi alikuwa anasema mwezi ujao narudi, na alikuwa anaamini kweli. Baadaye akaanza kuona aibu, na aibu nayo ikazoeleka.

"Tukazaa binti," akasema. "Nikampa jina la mama. Minza. Siku hiyo ndiyo nilijua sirudi tena."

Nilikaa chini. Pale pale getini, kwenye mchanga, na gauni la kanisani.

Kwa asiye wa kwetu labda hili ni jambo dogo. Kwa nilivyolelewa, mwanaume halitoi jina la mama yake mara mbili, labda wa kwanza awe amekufa. Wakati mie niko kwenye benchi la mbele naambiwa baba ameondoka ili kunilinda, baba yuko Kahama ameshika mtoto mchanga, anaita jina langu, na mtoto huyo si mie. Nimezikwa nikiwa bado mtoto na hakuna aliyeniambia.

Nilimuuliza huyo Minza yuko wapi. Yupo hapo hapo, akasema, ndiye anayetwanga. Mama yake alishafariki. Ndiye aliyemuuguza mguu miaka mitatu yote, ndiye aliyetafuta namba yangu mpaka akaipata, ndiye aliyemkatia tiketi. Nikamuuliza kama anajua nipo. Anajua, akasema. Tangu mdogo anajua jina lake lina mwenyewe.

Baba akaniuliza aje au asije, na nikikataa hatanilaumu. Aliuliza vizuri tu, bila kulia, bila kuomba.

Nikamwambia aje.

Naandika hili huku nikijishangaa. Jana asubuhi nilikuwa nimemsamehe kabisa, na alikuwa mtu nisiyemjua. Leo sijamsamehe, nina hasira mpaka kwenye meno, na namjua. Nilichomwambia ni aje atibiwe, atalala sebuleni, na tukikaa nitamuuliza mengine, na mengine, na yeye atajibu. Akasema sawa mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuna mtu angenyamaza kibandani kwa majibu kama yale. Wangeanza kuongea, wangekwenda kununua karanga. Mie nilikuwa nimeibana simu sikioni kwa mikono miwili.

Elia nimemwandikia meseji: ulikuwa sahihi kuhusu muvi, na kuna jambo jingine zito, nipigie ukiwa umekaa. Amesoma. Hajajibu bado, lakini amesoma.

Muvi yenyewe, kama bado kuna anayeulizia, ni nzuri. Inaumiza, na imepigwa kwa ustadi, na inastahili tisa. Kwa mashujaa wote niliowaponda humu, yule ndiye wa kwanza kumwona anasema alichokifanya na kumwachia mwenzake aamue. Sijui kwa nini imenichukua miaka yote hii kumsikia.

Nilimwomba baba namba ya huyo Minza, akaituma sasa hivi, mvua nayo ndiyo inaanza kudondoka kwenye bati. Nimeinakili, nikaandika jina. Simu ikaniambia jina hili tayari lipo, maana namba yangu mwenyewe nimeihifadhi humo; je, niyaunganishe yawe moja? Nimelikodolea macho lile swali mpaka kioo kikazimika. Nikakiwasha tena, nikabonyeza hapana.

Kesho saa nne watoto wakienda mapumziko nitampigia. Yeye amenitafuta mpaka akanipata, na hakuthubutu kupiga mwenyewe, akampa simu mzee. Namwelewa. Lakini mmoja lazima aanze kusema, na mie ndiye mkubwa.